Muulize Mama Fundi: Bonneville ya Mombasa inakohoa Nairobi

SWALI: Mama Fundi, shikamoo. Mzee wangu, Mungu amrehemu, aliniachia pikipiki ya Triumph Bonneville ya 1970, ile T120 ya silinda mbili na kabureta mbili za Amal. Aliiendesha Mombasa miaka yote, Changamwe hadi Nyali, na sikuwahi kuisikia ikikosa hata mara moja. Desemba niliipakia kwenye lori nikaileta Nairobi. Tangu ifike ni kikohozi tu. Asubuhi inawaka baada ya kiki kumi, moshi ni mweusi, na nikifika kwenye taa za Museum Hill nikiachilia mafuta inazima. Plagi zote mbili ni nyeusi kama sufuria ya kuni, ya kushoto zaidi. Nimeipeleka kwa fundi mmoja Industrial Area mara tatu. Kila mara anazungusha skrubu za kabureta, ananiambia imekubali, nalipa, na kesho yake imerudi kule kule. Sasa ekzosi ya kulia inaunguza kuliko ya kushoto. Kitabu cha mzee kinasema skrubu ya hewa ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu, nami nimefanya hivyo. Jeti kuu iliyomo, kile kitundu cha kupimia petroli, ni 190. Jirani ananiambia nitupe hizo Amal ninunue kabureta mpya za Kijapani. Nifanyeje?
Msomaji, South B

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Jirani mshukuru kwa ushauri, na kabureta zibaki pale zilipo.

Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ina magonjwa mawili, na fundi wako amekuwa akiyatibu kwa dawa moja. La kwanza ni la mlima. Lori lile lilitoka usawa wa bahari likakufikisha karibu mita 1,700 juu yake. Hewa ya hapa ni nyepesi: kila lita ya hewa inayoingia kwenye injini yako ina uzito pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ile ya Mombasa. Kabureta haina macho. Inavuta petroli ikifuata upepo unaopita kooni mwake, na upepo huu mwepesi bado unavuta petroli nyingi kuliko unavyostahili. Kwa hesabu, mchanganyiko wako umekuwa mzito kwa asilimia nane hivi. Ndipo moshi mweusi ukaja, ndipo plagi zikavaa masizi.

La pili ni hilo la kushoto kuwa nyeusi zaidi na kulia kuwa na moto zaidi. Mlima hauchagui upande. Kama shida ingekuwa mwinuko peke yake, plagi zako zingefanana kama mapacha. Zinapotofautiana, kabureta hazivuti sawa, au mojawapo inaiba hewa mahali, au ni umeme. Hapo ndipo tutakapoanzia, na kwa umeme kwanza.

Utauliza, mbona umeme na wewe umeuliza kabureta? Nikiwa na miaka 19, kwenye karakana ya baba yangu pale Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogani), nililetewa pikipiki ya BSA ya kabureta mbili iliyokuwa ikimisi upande mmoja. Baba alikuwa amekwenda msibani. Nilizifungua, nikaziosha, nikazifunga, nikazifungua tena, Jumamosi nzima. Jioni baba alirudi na suti yake ya matanga, hata koti hakuvua. Aliondoa kifuniko cha pointi, zile swichi ndogo zinazoamuru cheche ya plagi, akapitisha kipande cha kadi ya biashara katikati ya pointi za silinda ile, kikatoka na doa la mafuta. Akazifuta, akapiga kiki moja. Hakuniambia neno, na hilo ndilo lililouma.

Kwa hiyo, kabla bisibisi haijagusa kabureta, injini ikiwa baridi kabisa, pima vali: 0.05 mm za kuingizia, 0.10 mm za kutolea. Pointi zako ni seti mbili, kila silinda na yake, na kila seti iwe na mwanya wa 0.38 mm. Kisha taimingi, yaani wakati cheche inapopiga, nyuzi 38 kabla pistoni haijafika kilele, ikiwa imejisogeza hadi mwisho, na uipime kwa kila silinda kivyake. Watu wengi hupima moja wakadhani nyingine inafuata. Plagi mpya, mwanya wa 0.5 mm. Ukimaliza hayo piga kiki usikie. Inawezekana kabisa tofauti ya kulia na kushoto ikaisha hapo, na nusu ya jibu hili ikawa hadithi tu kwako.

Kama haijaisha, tazama kabureta ya kulia inapokutana na kichwa cha injini. Moto mwingi upande mmoja ni dalili ya mchanganyiko mwepesi upande huo, na mara nyingi ni hewa ya wizi inayopita kwenye kiungo. Amal hushikwa na nati mbili. Fundi mwenye mkono mzito akizikaza, uso wa kabureta unajikunja kama ndizi: masikio mawili yanavutwa ndani, katikati panabaki wazi. Ufungue, uulaze juu ya kioo cha dirisha, usukume sikio moja kwa kidole. Ukicheza, umejikunja. Bandika msasa laini kwenye kioo hichohicho, uusugue uso kwa mizunguko ya namba nane, taratibu, hadi ung'ae wote. Weka o-ringi mpya, kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, kisha uziache. Nati hizo hazihitaji nguvu ya kubebea gunia.

Ukitaka kuthibitisha uvujaji bila kufungua, dondosha mafuta kidogo ya injini kwenye kiungo ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, umepata mwizi. Usinyunyize petroli wala vile vipulizio vya kopo karibu na ekzosi ya moto. Nyusi zangu za kulia zilichukua miezi kurudi.

Sasa skrubu. Kila kabureta yako ina mbili upande wa nje. Ile iliyolala ni ya hewa. Ile iliyoinama inasukuma slaidi, kile kipande cha mviringo kinachopanda ukizungusha mkono wa mafuta, isishuke hadi chini. Hapa nahisi ndipo fundi wako anapopotea. Ziko kabureta ambazo skrubu yake ipo upande wa injini na inapima petroli. Hizo ukifungua unaongeza petroli. Ya Amal inapima hewa, kwa hiyo ukiifungua mchanganyiko unakuwa mwepesi, na ukiifunga unakuwa mzito. Mtu aliyezoea zile nyingine akiona moshi mweusi ataifunga, na moshi utazidi. Sisemi ndivyo alivyofanya. Nasema nimeshaona.

Mzunguko mmoja na nusu wa kitabu ni mahali pa kuanzia, na kitabu kiliandikwa Uingereza, kwa hewa nzito ya kule. Hapa Nairobi usishangae ikitaka miwili, au zaidi kidogo. Lakini kama unafungua na kufungua na injini haijali, au inanguruma vizuri pale tu skrubu inapofungwa kabisa, basi njia ya petroli ya mwendo mdogo imeziba. Kwenye Amal hizi za Concentric, zilizoanza 1967, jeti ndogo mara nyingi ni kijibomba kilichobanwa ndani kabisa ya mwili wa kabureta. Hukioni na hukifungui. Ukiosha kabureta na kupuliza hewa pande zote unaweza kuapa ni safi, na kumbe kimeziba. Tundu lake ni 0.4 mm. Toa skrubu ya hewa, kijibomba kiko mbele moja kwa moja kupitia tundu hilo hilo. Mimi hutumia uzi wa gita, ule mwembamba mlaini usiozungushiwa waya juu yake. Namwomba mpiga gita wa benga aliye jirani yetu, ananiwekea zilizokatika. Unauingiza polepole, unauzungusha kwa vidole, husukumi. Utahisi kama unapita kwenye mchanga, halafu ghafla hakuna kitu. Umefungua. Uzi uwe mwembamba kuliko tundu, maana kijibomba ni shaba na waya ni chuma. Ukilipanua tundu, hakuna skrubu itakayokuokoa.

Sasa twende kwenye kuzisawazisha. Mashine za kupimia sipingi, ila kwa Amal mbili nahitaji vipande viwili vya spoki ya baiskeli. Kata spoki moja ya Black Mamba upate vipande viwili sawa, kila kimoja sentimita 15 hivi. Toa filta za hewa. Legeza kebo zote mbili ziwe na mchezo, na rudisha nyuma skrubu za slaidi hadi slaidi zikae chini kabisa. Ingiza kila kipande chini ya slaidi yake, ncha ya nje ichomoze. Kaza skrubu ya slaidi hadi spoki iteleze ikiguswaguswa tu, bila kubanwa. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Sasa slaidi zote ziko juu kwa milimita mbili hivi. Ni juu kidogo kuliko tunavyotaka, tutazishusha baadaye.

Rudisha skrubu nyuma kiasi kila slaidi ikalie spoki yake, kisha zungusha mkono wa mafuta taratibu sana ukitazama ncha za nje. Slaidi ikianza kupanda inaiachia spoki, na ncha yake inaanguka. Zote mbili zianguke pamoja. Moja ikitangulia, irekebishe kebo yake, ujaribu tena. Nimekaa kwenye kigoda nikifanya hivi nusu saa nzima, chai ikipoa, kwa tofauti ambayo jicho halioni ila spoki inaitangaza. Geuza usukani kulia na kushoto pia. Kebo ya mkono wa mafuta kwako inaingia kwenye kikasha kidogo, inatoka ikiwa mbili, na kama imepita vibaya chini ya tangi, ukikata kona moja ya kabureta itajifungua. Mwenye Bonneville anayelalamika kwamba inaongeza mwendo ikikata kona haoti. Ni kebo.

Washa, endesha hadi ipate joto hasa, dakika kumi barabarani, usiipashe moto ikiwa imesimama. Ukirudi weka feni ya mezani mbele ya silinda; injini hii inapozwa na upepo, na ikisimama bila upepo inajipika. Ongeza skrubu za slaidi kidogo injini ipige haraka kuliko kawaida. Chomoa waya wa plagi ya kushoto. Usiuache ukining'inia: uchomeke plagi ya zamani, uilaze juu ya mapezi ya silinda ipate eathi, la sivyo unaiua koili. Injini sasa inatembea kwa mguu mmoja. Zungusha skrubu ya hewa ya kulia robo kwa robo hadi mlio uwe wa haraka na sawa kuliko wote, halafu punguza skrubu ya slaidi hadi inakaribia kuzima lakini haizimi. Rudisha waya, hamia upande wa pili, ufanye hivyo hivyo. Ukiwasha zote mbili itakimbia sana. Zipunguze skrubu za slaidi zote kwa kipimo kimoja, ukigusa hii robo na ile robo. Mwisho weka kiganja nyuma ya kila ekzosi, umbali wa shibiri. Mapigo yawe sawa. Mkono wa binadamu ni kipimo kizuri kuliko tunavyouheshimu.

Hapo taa za Museum Hill umezimaliza. Bado moshi wa barabarani. Kabureta hii ina wafanyakazi wanne na kila mmoja ana zamu yake. Njia ndogo uliyoizibua inafanya kazi kuanzia mwanzo hadi mafuta yamefunguliwa moja ya nane. Mkato wa slaidi unachukua hadi robo. Sindano inayoning'inia chini ya slaidi inashika robo hadi robo tatu. Jeti kuu inafanya kazi kuanzia hapo hadi mwisho. Kwa hiyo jeti 190 haihusiki na kuzima kwako kwenye taa, na anayekuambia ubadilishe jeti kuu ili isizime mnunulie soda umuage.

Ila kwa kukimbia, ndiyo, ipunguze. Namba ya jeti ya Amal ni kipimo cha petroli inayopita, sentimita za ujazo kwa dakika. 190 ukitoa asilimia nane unapata kama 175. Agiza pea ya 180 na pea ya 170. Pale Grogani usizitafute, utauziwa kitu cha boda boda kilichopakwa rangi. Ziagize Uingereza, Amal zinatengenezwa hadi leo. Na usichokonoe wala kuziba jeti ya zamani kwa risasi ili iwe ndogo. Wakati ukisubiri, pandisha kibanio cha sindano mfereji mmoja juu, sindano ishuke, na sehemu ile ya katikati, ambayo ndiyo utakayoitumia mjini kila siku, itakuwa nyepesi. Ikianza kusita ukiongeza mafuta, irudishe.

Kujaribu, nenda Southern Bypass Jumapili alfajiri, kutoka Lang'ata kuelekea Kikuyu, pana mpando mrefu mzuri. Shika robo tatu ya mafuta kwa muda, hakikisha nyuma hakuna lori, bana klachi na uzime injini kwa pamoja, ujiachie hadi pembeni. Toa plagi hapo hapo. Ukitembea nayo hadi nyumbani kwa mwendo wa kinyonga, plagi itakusimulia habari za kinyonga. Unatafuta rangi ya chapati iliyoiva vizuri. Petroli ya siku hizi haina risasi, kwa hiyo rangi huwa hafifu kuliko ile mzee aliyoizoea. Usiifukuze hadi iwe nyeusi. Ikiwa nyeupe kavu, acha kukimbia, rudi kwenye jeti kubwa.

Na ile tabia ya Mombasa ya kubonyeza kidude cha kufurikisha kabureta hadi petroli idondokee giaboksi, iache. Bonyeza hadi uone unyevu tu. Asubuhi za Julai utaongeza kidogo.

Siku utakapoamua kuipeleka ikasalimie nyumbani, beba zile 190 mfukoni. Simama Mtito Andei, kula, iache ipoe, ubadilishe kabla hujashuka Voi. Jeti ya Nairobi kwenye joto la pwani ni nyembamba, na pistoni iliyotoboka juu ni safari ya kurudi kwa lori lingine.

SWALI: Mama, nina Honda CB350 ya 1972. Fundi alizipulizia kabureta dawa ya kopo zikang'aa kama mpya, lakini sasa inanguruma vizuri ikiwa imesimama, na haikimbii. Ukiongeza mafuta inalia mmm, mmm, basi.
Msomaji, Umoja

JIBU: Aliziosha na mipira yake ndani. Kabureta zako si kama za Bonneville; slaidi haipandishwi na mkono wako, inapandishwa na mvuto wa hewa kupitia diaframu ya mpira, na dawa ile huivimbisha au kuitoboa. Fungua kifuniko cha juu, toa diaframu, inyanyue mbele ya balbu uitazame kwa mwanga huku ukiivuta kidogo. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kukunyima mwendo. Iliyovimba iache siku moja mbili kwenye hewa, wakati mwingine hurudi. Iliyotoboka, nunua nyingine, na usikubali ya kubandikwa gundi ya viraka.

SWALI: Mama Fundi, mume wangu ameoshea kabureta kwenye sufuria yangu ya ugali, kwa petroli, jikoni, nikiwa nimetenga chai kwenye gesi. Nilipopiga kelele akasema wewe ndiye uliyemfundisha kwenye jarida. Ni kweli?
Dada wa Kayole

JIBU: Si kweli, dada, na mwambie nimekasirika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi dirishani ukaondoka, unatambaa sakafuni hadi ukutane na moto wako wa chai. Kazi hiyo ni ya nje, mbali na jiko, na kwenye karai lake mwenyewe. Sufuria ile usiirudishe jikoni hata ukiisugua kwa majivu wiki nzima. Mpe iwe ya kabureta, na mpya uende ukaichague wewe mwenyewe pale Kamukunji, naye akiwa nyuma yako na pesa. Chukua ile kubwa ya mifuniko miwili.